Usizime Injini Getini

Pikipiki yangu haina nguo. Hivyo ndivyo watu wa Kosele walivyosema siku ya kwanza nilipoipitisha sokoni. Injini iko nje, mabomba yako nje, nyaya zinaonekana, na mbele kuna taa moja ya duara iliyokaa peke yake. Muuza nyanya mmoja akaniita, "Daktari! Hawa watu wamekuuzia kabla hawajamaliza kuitengeneza!" Nami mdomo wangu haukuumbwa kunyamaza, nikamjibu kwamba hata yeye alizaliwa hivyo hivyo na mama yake hakumrudisha dukani. Soko zima likacheka, naye akanirushia nyanya moja ya bure.

Mimi ni daktari wa mifugo. Si yule mwenye digrii na gari la serikali. Mimi ni wa sindano na dawa ya kupe, wa kuingiza mkono ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, wa kupigiwa simu alfajiri na kuambiwa, "Kuja haraka, imelala na haitaki kuamka." Miaka mingi nilibebwa na boda, sanduku la dawa mapajani, nikimsubiri dereva ambaye yuko njiani tangu asubuhi. Mume wangu, aliyekuwa mwalimu wa sekondari, ndiye aliyechoka kuniona nikisubiri. Tukaenda Migori mjini tukaingia duka la pikipiki.

Nilitaka ya kawaida, ile kila mtu anayo, ya kubebea magunia. Yeye akasimama mbele ya hii. Ni ya katikati. Haifiki yale majitu ya matajiri wanaopita barabara kuu Jumapili wamevaa kama wazima moto, lakini ukiikanyagia mafuta mlimani haikuombi msamaha. Muuzaji akasema hii ni ya mtu anayeanza: kiti kiko chini, klachi ni laini, breki haifungi gurudumu hata kwenye tope. Bei ilikuwa ya watu wa mshahara, haikuhitaji kuuza shamba. "Haina mambo mengi," akasema, na mume wangu akalipenda hilo neno.

Alinifundisha kwenye uwanja wa shule wakati wa likizo. Pikipiki hii ina tabia moja. Ukishusha stendi ya pembeni huku umeiacha kwenye gia, injini inazima yenyewe. Walioiunda walijua kuna watu kama mimi. Kila nikisimama, nashusha stendi kwa madaha, na injini inakata pap! Mume wangu alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. "Mama, toa gia, weka nyutro kwanza!" Aliniita Mama, ingawa hatukujaliwa mtoto.

Halafu presha ikamwangusha darasani, mbele ya ubao. Alipofikishwa hospitali ya Homa Bay alikuwa ameshaenda. Sina maneno mengine kuhusu siku hiyo, na nikijaribu kuyatafuta nakasirika.

Kwetu Wajaluo mjane huitwa chi liel, mke wa kaburi. Kuna jambo analopaswa kufanya ili awe mtu wa kawaida tena: akubali kurithiwa na mwanamume wa ukoo wa mumewe. Kabla ya hapo haingii boma la mtu. Haketi kwenye kiti cha mtu. Na kwao alikozaliwa ndiko asikokanyaga kabisa. Akikanyaga, analeta chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira haimli mwenye kosa peke yake. Inaingia kwenye nyumba na kumchagua mtoto mdogo, anakonda mbele ya macho yenu mpaka mnamzika.

Mama mkwe alikuja na shemeji, mdogo wa mume wangu. Walikuja kwa heshima, siwezi kudanganya. Shemeji mwenyewe alikuwa anaangalia viatu vyake. Ana mke wake, na huyo mke tulikuwa tunasukana nywele. "Mwanangu," mama mkwe akaniambia, "sisi hatukulazimishi. Lakini utaishije?"

"Mama, nitaishi hivi hivi," nikasema.

"Hivi hivi ni vipi?"

Sikukubali kurithiwa. Nikasema hapana, na nikasema tena hapana alipoletwa mzee wa kanisa na mzee wa ukoo wakiwa wamekaa benchi moja. Kanisa liliniombea nikapakwa mafuta. Wazee wa ukoo wakasema maombi ni mazuri sana, ila si hayo yanayomfungua mjane.

Hakuna aliyenifunga kamba. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, maana ningefungwa kamba ningeikata. Watu walinisalimia vizuri, wakiwa wamesimama katikati ya geti lao, na mkono mmoja umeshika nguzo. Jirani aliyekuwa ananiita chai kila siku alianza kuniletea kikombe barabarani. Nilikunywa nimesimama, namrudishia kikombe, naye anakipokea kwa ncha za vidole kama mtu anayepokea panya. Nilikuwa na pikipiki ya kunifikisha Kampala na kurudi, na hakukuwa na nyumba hata moja ya kuniambia karibu.

Usiniulize kama niliamini. Jumapili niko kanisani mstari wa mbele, Jumatatu nafundisha watu kwamba ndama hafi kwa jicho la jirani, anakufa kwa minyoo. Lakini nikifika kwenye geti la mtu mguu wenyewe ulikataa. Niliogopa mtoto wa mtu akohoe halafu nitajwe mimi.

Kazi ikafa kwa muda. Daktari wa ng'ombe asiyeingia bomani atatibu nini, kuku wa barabarani? Mpaka mzee mmoja upande wa juu wa Kosele akapata shida, ng'ombe wake wa maziwa amevimba matiti na maziwa yanatoka na damu. Akanipigia simu, akauliza kwa sauti ya chini, "Daktari, barabara ni ya nani?"

"Ya serikali," nikasema.

"Si ya ukoo wowote?"

"Si ya ukoo wowote, mzee."

"Basi kuja. Namleta barabarani."

Nilimkuta ng'ombe amefungwa kwenye mti wa bluu gamu, nje kabisa ya ua, nusu ya kijiji imekuja kuangalia kama serikali inaweza kuzuia chira. Nikamkamua, nikamchoma sindano, nikanawa mikono kwa maji yangu mwenyewe. Ng'ombe akapona. Kuanzia hapo ikawa ndiyo desturi. Wakiona taa yangu ya duara inakuja wanafungua zizi, na ng'ombe, mbuzi, hata nguruwe mmoja mwenye hasira zake, wanatolewa nje wanipangie foleni. Wenye magari walipiga honi wakatukana. Mimi nilitibu. Watu wakasema, ona, daktari amepata njia. Njia gani? Nilikuwa nafanya kazi na kulia ndani ya helmeti, maana ndani ya helmeti hakuna anayekuuliza una nini.

Halafu mama yangu akaugua.

Kwetu ni karibu na Ogwedhi, kule mpakani na Narok, ambako siku ya mnada unaweza kufikiri ng'ombe wote duniani wameitwa mkutano. Baba alikufa mimi nikiwa mdogo. Mama anaishi na kaka yangu mkubwa, mke wake, na mtoto wao mchanga. Kaka alikuwa amezika watoto wawili kabla ya huyo. Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu nitakuwa namsema vibaya na sitaki mtu amchukie kwa niaba yangu. Mimi mwenyewe nilishindwa kumchukia.

Ugonjwa ulikuwa wa moyo. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, hospitali ikampa dawa na kusema arudi nyumbani apumzike. Kila mtu alielewa maana ya kupumzika. Nikaiwasha pikipiki, nikapita Rongo na Awendo, nikaingia njia ya vumbi katikati ya miwa. Hapo ndipo pikipiki isiyo na nguo inakuonyesha ubaya wake. Hakuna kioo mbele, upepo wote ni wako, vumbi lote ni lako, na matrekta ya miwa yanakumwagia yake pia. Nilifika kwetu nikiwa rangi ya barabara.

Kaka alikuwa amesimama getini. Alinisikia tangu mbali.

"Dada, usizime injini," akasema.

"Nini?"

"Ukizima, umefika. Watu wataona umefika. Isiyozimwa ni ya mtu anayepita tu." Alikuwa ameyafikiria haya usiku kucha, niliona kwenye macho yake. "Kaa hapo hapo juu. Salimia kama mpita njia. Hiyo haina makosa, nimeuliza."

Nilitaka kumtukana, na matusi ninayo. Lakini nyuma yake mke wake alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, na mtoto alikuwa na kofia ya sufu kwenye jua lile. Nikabaki juu ya kiti. Gurudumu la mbele likagusa ile alama ambayo geti huchora kwenye udongo likifunguliwa, na hapo likakoma.

Mama alikuwa kwenye chumba chenye dirisha linaloangalia barabara. Basi tukaongea kwa simu. Hebu fikiria. Mke wa kaka akamshikia simu sikioni, mimi nikaingiza yangu chini ya helmeti, na mtu angeweza kurusha jiwe kutoka kwangu likamfikia.

"Nyathina," mama akasema, yaani mwanangu. "Nasikia kitu kinanguruma. Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Kina sauti nzuri. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo," akasema.

Tulikaa hivyo mpaka joto la injini likapanda kwenye mapaja, feni ikaanza kuzunguka, na taa ndogo ya kuonya kwamba mafuta yanakwisha ikawaka. Nikaaga. Niligeuza pikipiki bila kukanyaga chini ila ncha za buti. Nilipofika kwenye miwa nilisimama nikapiga kelele mpaka ndege wakaruka. Nilimkasirikia kaka, nikawakasirikia wazee, nikamkasirikia hata mume wangu kwa kufa na kuniacha na cheo kile.

Nilirudi tena na tena, na kila mara ilikuwa hivyo hivyo: geti, injini, simu. Sauti ya mama ilikuwa inapungua kwenye sikio langu. Siku moja nilisikia pumzi tu, na mke wa kaka akisema, "Anakusikia, ongea." Nikaongea habari za ng'ombe wa barabarani. Nikamweleza yule nguruwe. Mama akacheka, na kicheko chenyewe kikawa kikohozi, kikohozi kikakataa kuisha, nami nikasikiliza mama yangu akikabwa na kicheko nilichomletea mimi, mikono yangu imeshika usukani. Yawa, siku hiyo nilijiona sina maana duniani.

Baada ya hapo kaka akapiga simu mwenyewe. "Mama amesema uje. Amesema anataka kutoka nje."

Nilipofika nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki, nje ya geti, ukingoni mwa barabara. Kaka na jirani walikuwa wamembeba. Alikuwa amevaa gauni lake la Chama cha Akina Mama la kanisani, na miguu imevimba imekataa viatu. Sikuwa nimemwona kwa karibu tangu mazishi ya mume wangu. Amekwisha. Mama yangu mnene, aliyekuwa akikaa kwenye benchi upande wa pili unainuka, amebaki macho na mifupa.

"Nimewaambia," akasema polepole, akitafuta hewa kati ya maneno, "kama ng'ombe mgonjwa anatolewa barabarani kwa daktari, na mimi nitolewe."

Nikacheka na kulia kwa pamoja. Nilitaka kushuka.

"Usishuke," akasema. "Nataka kupanda."

"Mama, wewe hutaweza," kaka akasema.

"Nilikubeba wewe na ukubwa wa kichwa chako. Nipandishe."

Ndipo nikashukuru kwamba kiti kile kiko chini. Wakamwinua, wakamkalisha nyuma yangu, miguu ikining'inia. Hakuwa na nguvu ya kujishika. Kaka akachukua leso ya mkewe, akaizungusha mgongoni kwa mama akaileta tumboni kwangu, akaifunga fundo mara mbili, vile mtoto anavyofungwa mgongoni. Akalivuta kujaribu kama limekaza. "Gia ya kwanza tu, dada," akaninong'oneza. "Tafadhali."

Tukaenda na gia ya kwanza. Pikipiki nyingine ingekukera kwa mwendo ule, ingerukaruka. Hii ilitambaa kama ng'ombe aendaye mtoni. Nilikuwa namsikia mama mgongoni, mfupa wa kidevu chake, pumzi yake. Lakini sikuweza kumwona. Kitu nilichokililia miezi yote kilikuwa nyuma yangu na siwezi kugeuka. Nikakivuta kioo cha pembeni mpaka nikaupata uso wake. Alikuwa amefumba macho na upepo unamchezea kitambaa cha kichwa.

Tulifika karibu na uwanja wa mnada, palipokuwa patupu, siku ya kawaida. Nikasimama, injini ikinguruma.

"Mimi pia nilikuwa chi liel," akasema kwenye sikio langu. "Unamkumbuka yule mzee aliyekuwa akija?"

Nilimkumbuka. Alikuwa anajikohoza mlangoni, na mama ananituma nikachote maji hata kama mtungi umejaa.

"Nilikubali," akasema. "Sikuwa na pikipiki."

Niliutazama uso wake kwenye kioo naye akafungua macho akanitazama humo humo.

"Nirudishe nyumbani. Nimechoka."

Hapa nitasema kwanza yaliyofuata baadaye, ili nimalizie pale ninapotaka. Mama alikufa wiki hiyo hiyo, kitandani mwake, mkono wake ndani ya wangu. Mtoto wa kaka yuko hai, anakimbia, anavunja vikombe. Lakini akipata homa kidogo tu, simu yangu hulia, na kaka huniuliza kwa upole mwingi kama kuna geti lingine nimeingia. Najibu maswali hayo mpaka leo. Kosele bado wananiletea ng'ombe barabarani. Jirani bado analeta chai nje. Sijarithiwa, na sijafunguliwa.

Sasa turudi getini. Tulipofika, kaka alikuwa anasubiri pale pale. Akaja mbele, akanyoosha mkono kwenye tumbo langu ili afungue leso, ambebe mama ndani. Mama akampiga vidole. Kwa mkono ule usio na nguvu alimpiga, na kofi likasikika.

"Usiguse fundo langu."

"Mama, acha nikubebe."

"Nani amekuambia nataka kubebwa na wewe? Mimi naingia kwangu. Huyu ndiye amenibeba. Ukitaka kuzuia, nizuie mimi." Akavuta hewa. Ilichukua muda mrefu kuja. "Boma hili ni la nani?"

Kaka akarudisha mkono. Alinitazama mimi, na macho yake yalikuwa yananiomba. Nilijua anachoniomba. Mke wake alitoka mlangoni na mtoto kifuani, akazunguka nyumba mbio, akapenya kwenye ua wa nyuma kuelekea kwa jirani. Niliiona ile kofia ya sufu ikipotea kwenye michongoma. Roho iliniuma. Hata sasa nikiwaza inaniuma. Nilikuwa nimefungwa kwa mama yangu, na mbele yangu kulikuwa na ile alama ya geti kwenye udongo.

"Nyathina, twende," akasema.

Kaka akasogea pembeni. Hakusema karibu. Alisogea tu, akageuka akaangalia barabara.

Nikaachia klachi. Gurudumu la mbele likavuka, la nyuma likafuata, kuku wakatawanyika. Nikaenda mpaka mlangoni, pale kwenye jiwe tulilokuwa tukioshea miguu tukitoka shule. Nikasimama. Akili yangu yote ilikuwa mgongoni kwa mama, nikafanya kile kile nilichokuwa nikifanya kwenye uwanja wa shule. Nikasahau kuweka nyutro. Nikashusha stendi.

Injini ikazima yenyewe.

Kimya kile! Nilisikia kuku, nikasikia moyo wangu, nikasikia mama akihema mgongoni. Nilingoja kitu kitokee, na hakuna kilichotokea. Mama akaegemeza kichwa chake katikati ya mabega yangu, akapapasa tumboni kwangu mpaka akalipata fundo, akaanza kulifungua mwenyewe.

"Umefika," akasema.